Fanicha ya zamani yenye rangi: maswali tunayoulizwa kila mara kuhusu kuipaka upya bila kuufuta umri wake

Karakana yetu ipo Moshi. Wanaotufikia huja na kabati la vyombo la bibi, sanduku alilokuja nalo mama alipoolewa, benchi la kanisani, au meza iliyonunuliwa kwa mzungu mwenye shamba la kahawa alipokuwa akiondoka. Karibu wote wameshashika mkononi kopo la rangi, wanataka tu kujua waanzie wapi. Tumeandika ukurasa huu ili kopo hilo lisubiri kidogo.

Fundi, rangi ya kabati imechakaa. Si bora tulipake lote liwe jipya?

Tunaomba usifanye hivyo kabla hujasoma jibu hili mpaka mwisho.

Rangi ya zamani ni sehemu ya kabati kama zilivyo mbao zake. Mahali ilipolika pembeni mwa droo ndipo vidole vya watu wa nyumba ile viliposhika, mwaka baada ya mwaka. Nyufa ndogondogo zilizoenea kwenye mlango zilitokea kwa sababu mafuta ya rangi yalikauka na kukakamaa huku ubao chini yake ukiendelea kutanuka wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi. Hakuna fundi anayeweza kutengeneza kitu hicho. Anaweza kukiigiza, na mwenye jicho atajua. Ukishafunika kwa rangi ya mafuta ya dukani, au mbaya zaidi ukipitisha msasa, umeondoa kitu ambacho fedha hairudishi.

Kwa hiyo sisi hufuata kanuni mbili, zilezile zinazofuatwa na mafundi wa makumbusho. Ya kwanza: rangi mpya inakwenda pale tu ambapo ya zamani haipo. Ya pili: chochote tunachoongeza lazima kiweze kuondolewa baadaye bila kuidhuru rangi ya chini. Mengine yote utakayosoma hapa yanatoka kwenye hizo mbili.

Wanaouliza habari ya thamani tunawajibu hivi. Katika minada ya Marekani na Ulaya, sanduku la maharusi la Wajerumani wa Pennsylvania la karne ya 18, au kabati la maua la wakulima wa Bavaria, huthaminiwa kwanza kwa rangi yake ya asili. Lililokwanguliwa na kupigwa vanishi hushuka bei sana, hata kama mbao ni nzima. Soko la hapa kwetu halijafika huko, lakini wageni na wakusanyaji wanaopita Moshi na Arusha wanalijua jambo hilo vizuri kuliko wauzaji wengi.

Nitajuaje kama rangi niliyonayo ni ya kwanza?

Anza na sehemu ambazo hakuna aliyejisumbua kuzipaka mara ya pili: nyuma ya bawaba, chini ya mfuniko, ndani ya fremu ya mlango, upande wa chini wa rafu. Chukua tochi, lala chini, tazama. Ukikuta kijani iliyofifia nyuma ya bawaba wakati kabati zima ni krimu, basi krimu ilikuja baadaye.

Pili, angalia kama uchakavu una sababu. Rangi hulika mahali panaposhikwa, panapopigwa na kiti, panapofagiliwa kila siku na ufagio. Kabati lililochakaa sawasawa kila upande, hata kule lisikoguswa na mtu, lina walakini.

Skrubu nazo huzungumza. Zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930, kwa hiyo ukizikuta chini ya rangi ambayo haijawahi kuguswa, kabati haliwezi kuwa la wakati wa Mjerumani. Weupe pia una tarehe: rangi nyeupe ya titani ilianza kuuzwa viwandani karibu na mwaka 1920, na kabla ya hapo weupe ulitokana na madini ya risasi au zinki.

Kuna kifaa kimoja rahisi ambacho wengi hawakifikirii, ile tochi ya mwanga wa zambarau inayotumika kukagulia noti. Subiri usiku, zima taa zote, pitisha mwanga juu ya fanicha. Shelaki ya zamani, ile vanishi inayoyeyuka kwa spiriti, hung'aa rangi ya chungwa. Weupe wa zinki huelekea njano ya kijani, na weupe wa titani hubaki mweusi-mweusi. Viraka vilivyopakwa juzijuzi mara nyingi hutokea kama madoa meusi. Haitoshi kuamua kila kitu, lakini itakuonyesha pa kuuliza maswali zaidi.

Ubao wenyewe utakusaidia kujua kilitengenezwa wapi. Huku Kilimanjaro tunategemea kuona mseri, podo, mvule na mninga. Miaka ya karibuni zaidi, saiprasi na mgrevilea wa kwenye migomba na kahawa. Kabati la msonobari mwepesi wa Ulaya lilisafiri. Huenda lilipanda treni kutoka Tanga, maana reli ilifika Moshi mwaka 1911. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walikuwa wameshatangulia tangu 1893, na useremala ulikuwa miongoni mwa kazi zilizofundishwa misheni, kwa hiyo umbo la Kijerumani juu ya ubao wa mseri si jambo la kushangaza.

Nyumbani kwetu kila Desemba vitu hupakwa rangi. Ile ya kwanza bado ipo chini?

Mara nyingi ipo, na hili ndilo swali tunalolipenda kuliko yote.

Kila mtu wa hapa anajua ilivyo. Watu wakikaribia kupanda nyumbani kwa Krismasi, nyumba hupigwa rangi, na kinachobaki kwenye kopo humaliziwa kwenye kabati, viti na mlango wa choo. Ilifanywa kwa upendo, na hatumlaumu mtu. Tena tabaka zile zimeilinda rangi ya kwanza na moshi, jua na stilwaya.

Hatua ya kwanza ni kufungua "dirisha" dogo kwenye rangi. Tunachagua sehemu iliyojificha, ukubwa wa stempu ya barua, na kwa kisu chembamba cha daktari tunateremka tabaka moja baada ya jingine, tukiacha ukingo wa kila moja uonekane kama ngazi. Chini ya kioo cha kukuzia unaweza kusoma historia nzima: bluu, krimu, krimu tena, kijani ya shule, halafu nyekundu ya udongo iliyokaa moja kwa moja juu ya ubao.

Kama kati ya rangi ya kwanza na ya pili kulikuwa na moshi wa jikoni au mafuta, tabaka za juu hazikushika vizuri, na zinaweza kuinuliwa kwa ncha ya kisu zikatoka vipande vipande huku ya chini ikibaki nzima. Ni kazi ya subira. Mlango mmoja unaweza kuchukua siku nyingi, na ndiyo maana bei yake hatupimi kwa ukubwa wa kabati. Kama zimeshikana kabisa, tunakushauri uache. Tabaka la miaka ya 1950 nalo ni la zamani sasa, na linastahili heshima yake.

Dawa ya kuondolea rangi hatutumii kwenye kazi hii. Haijui tabaka lipi ulilitaka. Kostiki ya kutengenezea sabuni ni mbaya zaidi: inakula rangi zote za mafuta, inalegeza gundi ya maungio na kuinua nyuzi za ubao.

Nimesikia rangi za zamani zina sumu. Ni kweli?

Ni kweli, na tafadhali lichukulie jambo hili kwa uzito wote.

Rangi nyingi za mafuta za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, ama kwa ajili ya weupe, ama ili zikauke haraka. Rangi nyeupe ya kabla ya katikati ya karne ya 20 inaweza kuwa na risasi hata nusu ya uzito wake. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978. Kwetu Shirika la Viwango Tanzania (TBS) wameweka kikomo cha sehemu 90 kwa milioni, kiwango kilekile kinachopendekezwa kimataifa, lakini hilo linahusu rangi mpya. Kabati la babu yako halikupita huko.

Risasi huingia mwilini kwa kumezwa na kwa kuvutwa na pumzi kama vumbi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango katika damu kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu ubongo wao bado unakua na mikono yao haitoki mdomoni. Mjamzito naye humpitishia mtoto aliye tumboni.

Kwa hiyo, kama huna namna ya kupima, hesabu kwamba risasi ipo. Usipige msasa mkavu, na mashine ya msasa au grainda usiifikirie kabisa. Usichome rangi kwa moto wala kwa mashine ya hewa ya moto, maana mvuke wake una sumu. Ukilazimika kukwangua, lowesha kwanza. Tandika turubai chini, funga mlango, watoto na mama mjamzito wawe mbali. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hilo. Inatakiwa ile ya vichujio vya P3 au P100. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na unawe mikono na uso kabla ya kugusa chakula.

Mabaki usiyatupe kwenye migomba wala kwenye mboga, na usiwaache kuku wakadonoa pale ulipofanyia kazi. Kuku wanaochakura udongo wenye risasi hutaga mayai yenye risasi. Yafunge kwenye mfuko mzito, kisha uwaulize watu wa taka wa halmashauri yako wapi pa kuyapeleka.

Habari njema ni kwamba rangi yenye risasi iliyoshikana vizuri, isiyobanduka na isiyosuguliwa, haimdhuru mtu kwa kukaa tu sebuleni. Kuihifadhi ni salama kuliko kuikwangua. Kipo kitu kimoja ambacho hatukubali kukirudisha kwenye matumizi na rangi yake ya zamani: kitanda cha mtoto mchanga. Mtoto anayeota meno hutafuna ukingo. Hicho kiwe cha kumbukumbu, mtoto alale kwingine.

Nisafishe kwa kutumia nini?

Kwa mpangilio. Anza na kile kisicho na nguvu, na usimame mara tu kinapofanya kazi.

Brashi laini na kavu, ile ya kupakia poda, iondoe vumbi. Vumbi jekundu la huku lina mchanga ndani yake, ukilipangusa kwa kitambaa kibichi unakuwa umepiga msasa bila kujua. Kisha zungushia pamba kwenye kijiti, ilowe mate yako mwenyewe, na uiviringishe juu ya sehemu iliyojificha. Si mzaha. Mafundi wa makumbusho wanafanya hivi mpaka leo, kwa sababu mate yana vimeng'enya na uvuguvugu wa mwili, na yanatoa uchafu mwingi kuliko maji peke yake. Viringisha, usisugue. Pamba moja ikichafuka, chukua nyingine, na usirudishe mdomoni.

Mate yasipotosha, jaribu maji safi yenye tone la sabuni isiyo kali, pamba ikiwa imekamuliwa karibu ikauke. Kwa mafuta na moshi wa kuni uliogandamana kwenye kabati la jikoni, tapentaini kidogo husaidia na kwa kawaida haigusi rangi ya mafuta iliyokomaa.

Kila hatua, tazama pamba. Ukiona rangi ya kabati imekuja nayo, simama. Hapo umejifunza kitu pia. Rangi inayotoka kwa maji matupu huenda ilikorogwa kwa gundi au chokaa. Inayolainika kwa spiriti huenda ni rangi ya maji ya kisasa, au ina shelaki juu yake. Isiyotikiswa na yote mawili aghalabu ni rangi ya mafuta ya zamani.

Vitu tunavyoomba visilikaribie kabati lako: Jiki, stilwaya, maji ya magadi, petroli, na dawa za kupulizia za kung'arisha samani zenye silikoni. Magadi yanayolainisha makande hulainisha na rangi ya mafuta. Silikoni nayo huzama kwenye nyufa, na siku ya kupaka kiraka utaona rangi mpya inakimbia na kuacha vijishimo.

Rangi inabanduka kama magamba. Nikwangue kilicholegea?

Usikwangue. Magamba hayo yanaweza kulazwa tena.

Tunatumia jelatini isiyo na ladha, ileile inayouzwa madukani kwa ajili ya vitindamlo. Gramu 3 kwa mililita 100 za maji. Iache ivimbe kwenye maji baridi, kisha uipashe ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, isizidi nyuzi 60, kwa sababu ikichemka inapoteza nguvu. Dondoshea spiriti kidogo chini ya gamba ili jelatini ipate njia, ifuatishe kwa brashi nyembamba sana, subiri gamba lilainike, halafu funika kwa karatasi nyororo na ukandamize taratibu kwa mgongo wa kijiko kilichotoka kwenye maji ya moto na kukaushwa. Usilazimishe gamba lililojikunja. Lipe muda, na urudie siku ya pili.

Faida ya jelatini ni kwamba maji ya uvuguvugu yanailegeza tena wakati wowote. Gundi nyeupe ya mbao ni ngumu mno kuiondoa ikishakauka, na gundi ya haraka ya matone ndiyo inayotusikitisha zaidi kuikuta. Lakini kama rangi yako ni ile inayotoka kwa maji matupu, usijaribu nyumbani. Lete.

Mnalinganishaje rangi mpya na ya zamani?

Hapa ndipo kazi ilipo.

Kwanza tunajaza shimo. Kijazio ni unga wa chaki uliokorogwa na jelatini nzito au gundi ya ngozi, unapakwa tabaka nyembamba mpaka ulingane na uso wa rangi ya pembeni. Pati ya magari hapana: inakuwa ngumu kuliko ubao, na ubao ukicheza kwa unyevu, pati inavuta rangi ya jirani na kuivunja. Kijazio kikikauka tunakilainisha kwa pamba yenye unyevu ili msasa usiguse rangi ya zamani.

Kisha linakuja tabaka la kutenganisha. Kwa kawaida ni shelaki iliyoondolewa nta, nyepesi sana. Inaziba kijazio, na siku fundi mwingine akitaka kuitoa kazi yetu, spiriti itaiondoa yote bila kugusa rangi ya mafuta ya zamani. Kabati lenye shelaki yake ya asili juu ya rangi hatulifanyii hivyo, kwa kuwa spiriti ingekula na ya zamani. Huko tunatumia Paraloid B-72, plastiki angavu inayotumika sana kwenye makumbusho, ambayo huyeyuka tena kwa kiyeyusho kiitwacho zailini.

Rangi yenyewe tunaikoroga kwa unga. Nyekundu ya udongo tunaipata kwenye oksaidi, ileile watu wanayopaka sakafu za saruji, maana ni oksidi ya chuma, jamaa ya nyekundu iliyopakwa kwenye masanduku ya karne zilizopita. Njano ya udongo na kahawia tunazinunua kwenye maduka ya vifaa vya uchoraji, na nyeusi inaweza kuwa masizi. Rangi za maji za watoto wa shule tumeziacha kwa sababu nyingi hupauka juani. Bluu ya kufulia hatuiamini pia, kwani zinazouzwa sasa zina chumvi na viongezo ambavyo hatujui vitafanya nini ubaoni.

Weupe wa zamani kamwe si mweupe. Una njano ya udongo ndani yake, una kahawia, na pengine kijivu cha moshi. Ukitaka kuzimua mng'ao, tumia kahawia mbichi badala ya nyeusi. Nyeusi huifanya rangi ionekane imekufa. Rangi ya zamani mara nyingi ina kina, kwa sababu mwanga hupita kwenye mafuta yaliyogeuka manjano kabla ya kugonga rangi. Kwa hiyo usitafute rangi moja inayolingana. Paka kwanza tabaka lenye rangi hafifu kidogo kuliko lengo, likauke, kisha ushushe juu yake pazia la rangi angavu, moja, pengine mawili, mpaka lifike.

Jaribu juu ya kipande cha plastiki angavu, kikauke, kisha ukilaze kwenye kabati. Kikauke kweli, maana rangi nyingi hubadilika zikikauka. Na utazame kwa mwanga wa mchana, kisha kwa taa itakayotumika pale kabati litakapokaa. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya sebuleni na kuachana dirishani, kwa kuwa zimetengenezwa kwa madini tofauti.

Mwisho, brashi isivuke mpaka wa pengo. Kishawishi cha kupanua kiraka kidogo "ili kichanganyike" kinaua kazi. Tunapaka kwa vidoto na vistari vyembamba, ndani ya jeraha tu. Ukisimama hatua mbili jicho linaunganisha, ukisogea karibu kabisa unaona palipotengenezwa, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kwa nini nisitumie rangi ya mafuta ya kopo?

Kwa sababu itageuka. Rangi ya mafuta huendelea kubadilika miaka mingi baada ya kukauka, na kiraka kilicholingana leo kitaonekana baada ya muda. Tena ikikomaa huwezi kuiondoa bila kuhatarisha ya zamani iliyo kando yake.

Basi nipake upya lote, kisha nilichakaze kwa msasa lionekane la zamani?

Kwa kabati jipya la saiprasi ulilotengenezewa mwaka huu, fanya upendavyo. Ni pambo, na linaweza kupendeza. Kwa kitu cha zamani kweli, hatufanyi hata ukitulipa. Utakuwa umefunika umri halisi ili kuchora wa kuigiza juu yake.

Lina matundu ya wadudu. Nimwagie oili chafu?

Tunajua oili chafu ndiyo dawa ya mchwa kwenye nguzo za uzio, lakini kwenye fanicha haikauki kamwe. Itapenya ubao na kutokea upande wa pili chini ya rangi, iache doa na harufu isiyoisha. Mafuta ya taa nayo vilevile, tena yanaongeza hatari ya moto.

Kwanza hakikisha kama wadudu wapo. Weka karatasi nyeusi chini ya kabati usiku kucha. Ukikuta unga mpya, mweupe, wapo. Matundu yenye kingo zilizochakaa na yasiyotoa unga ni ya zamani, yaache. Kitu kidogo kinachoingia kwenye friza kifunge barabara kwa plastiki, ukiache kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na ukikitoa usikifungue mpaka kirudi kwenye joto la chumba, la sivyo umande utatanda juu ya rangi. Mchwa hutoka ardhini, kwa hiyo inua miguu kutoka sakafuni na usogeze kabati mbali na ukuta kwa upana wa kiganja kimoja ili uone njia zao mapema.

Nimalizie kwa vanishi?

Vanishi ngumu ya kisasa, hapana. Inafunga kila kitu chini yake na kuondolewa kwake ni vita.

Tunamalizia kwa nta ya nyuki, pale rangi inapoweza kuivumilia. Nta ya Tabora ni nzuri na inapatikana. Sehemu moja ya nta kwa tatu za tapentaini, kwa uzito: yeyusha nta ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, epua kabisa kutoka kwenye moto, ndipo uimimine tapentaini na kukoroga. Usifanye hivyo jirani na jiko linalowaka. Paka nyembamba kabisa, iache, kisha ipanguse kwa kitambaa laini cha pamba.

Rangi ya chokaa au ya gundi, ile inayoacha unga mkononi, usiipake nta. Itakolea na kuacha doa lisilotoka. Iache kavu kama ilivyokuwa.

Kama unatumia mafuta ya kitani popote katika kazi hii, vitambaa vyake usivirundike. Mafuta hayo hutoa joto yanapokauka, na kitambaa kilichokunjwa kwenye kona kinaweza kuwaka chenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja, au vilowe majini kabla ya kuvitupa.

Niilete lini?

Juni hadi Oktoba ndio wakati mzuri. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, unyevu unachelewesha kila kitu na ubao umevimba. Nyufa tunazojaza wakati huo zitafunguka kiangazi. Wanaoleta mwishoni mwa Novemba wakitaka kabati liwe tayari kwa Krismasi tunawaomba radhi mapema. Tunaweza kulisafisha na kulaza magamba, ila viraka vitasubiri.

Langu lilishakwanguliwa zamani. Mnaweza kuirudisha rangi?

Ile iliyotoka, hapana. Lakini fundi aliyekwangua mara chache hufika kila mahali. Tunatafuta mabaki kwenye maungio, kwenye mapambo ya kuchonga na nyuma ya kitasa. Yakipatikana ya kutosha tunajua rangi ilikuwa ipi na ilikaa wapi, na tunaweza kupaka upya lote kwa kuyafuata. Hapo ndipo tunapokubali kupaka kabati zima, tukiacha mabaki yale bila kuyafunika na kuandika ndani ya droo mwaka tuliofanya kazi, ili atakayekuja asidanganyike.

Naweza kumuuzia mgeni akaondoka nayo?

Uliza Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kupokea fedha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazuia baadhi ya vitu kutoka nchini bila kibali, ikiwemo milango na fremu za kuchonga za kabla ya mwaka 1940.

Nipige picha gani kabla sijaja?

Usisafishe kwanza. Lipige lote kwa mbele, pembeni na nyuma, mchana, kwenye kivuli, bila mwanga wa simu. Kisha sogea karibu: bawaba, kitasa, chini ya droo, na kila mahali rangi inapobanduka. Piga moja pia mwanga ukitoka ubavuni, kwa mfano karibu na dirisha asubuhi, maana magamba yaliyoinuka huonekana kwa vivuli vyake.

Ukiamua kulileta, usilifunge kwa nailoni moja kwa moja juu ya rangi. Tanguliza shuka safi ya pamba. Toa droo zisafiri peke yake. Na vipande vya rangi vilivyokwisha kudondoka viokote, uvitie kwenye bahasha na uandike vilitoka mlango upi, kwa sababu vingi tunaweza kuvirudisha mahali pake.